Majibu ya haraka ya kansa ya mapafu: Uyaamini kiasi gani?

HEBU jiweke mahali hapa, msomaji. Baba yako amekuwa akikohoa tangu msimu wa mahindi uliopita. Amekonda hata shati lake la kanisani linamning'inia kama lililoanikwa kambani. Alitibiwa kifua kikuu kwa miezi sita, akameza vidonge vyote bila kukosa siku, na bado anakohoa. Sasa mmefika katika hospitali kubwa mjini. Picha ya skani imeonyesha uvimbe katika pafu la kulia, na asubuhi hii mzee amelazwa chali, koo limetiwa ganzi, na daktari anampitishia mpira mwembamba wenye taa na kamera hadi ndani ya mapafu ili atoe kinyama cha kupimwa.

Wewe uko nje kwenye benchi pamoja na mama, baba mdogo na ndugu wawili waliosafiri usiku kucha. Haupiti muda mrefu, kama wa kumaliza kikombe cha chai, kabla ya mtu mmoja kutoka chumbani na kusema kwamba wameshaangalia kwa hadubini na "kansa haijaonekana". Mama anainua mikono kumshukuru Mungu. Simu zinapigwa nyumbani. Kufikia jioni kijiji kizima kinajua kwamba mzee hana kansa.

Siku kumi baadaye karatasi inatoka maabara, na karatasi hiyo inasema ni kansa.

Nani alidanganya hapo? Hakuna aliyedanganya. Mtu yule alisema kweli, na karatasi nayo inasema kweli. Tatizo ni kwamba majibu ya haraka yana kazi yake, na kazi hiyo siyo ile ambayo wengi wetu tulio kwenye benchi huidhania. Kwa kuwa kansa ya mapafu ndiyo inayoua watu wengi zaidi duniani kuliko kansa nyingine yoyote (mwaka 2022 ilikadiriwa kuua watu wapatao milioni 1.8), si vibaya tuelewe jambo hili kabla halijatufika.

Kwanza tuanze na njia ya kawaida. Kinyama kinachong'olewa mapafuni kwa koleo ndogo ipitayo ndani ya mpira ule hakifiki hata ukubwa wa punje ya mchele. Hutumbukizwa mara moja katika chupa ya fomalini, dawa inayokizuia kisioze na kukihifadhi kama kilivyokuwa mwilini. Maabara hukipitisha katika madawa ya kuondoa maji, aghalabu kwa usiku mzima, kisha hukizamisha katika nta iliyoyeyushwa. Nta ikishaganda, fundi hukata vipande vyembamba ajabu, unene wake kama sehemu nne au tano kati ya elfu moja ya milimita, akavibandika juu ya kioo na kuvitia rangi ya zambarau na waridi. Hapo ndipo huketi daktari aitwaye mwanapatholojia, akavitazama kwa hadubini.

Najua ukisikia mwanapatholojia fikira zako hukimbilia mochari, maana sisi wa magazeti humtaja tu pale mtu anapouawa. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake inahusu watu walio hai, wanaosubiri kwenye mabenchi kama lile lako.

Hatua hizo hazipendi kuharakishwa. Palipo na kila kitu, huchukua siku mbili au tatu. Kwetu hapa, ambako wanapatholojia ni wachache na chupa nyingine husafirishwa kutoka mashambani hadi Nairobi au Eldoret, huenda ukangoja wiki moja, mbili au zaidi. Lakini kuna nyakati ambapo hata siku mbili ni nyingi mno, na ndiyo sababu njia za haraka zikatafutwa.

Dirisha la Minnesota

Mnamo 1891, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, mpasuaji William Halsted alimwomba mwenzake William Welch ampimie uvimbe wa titi huku mgonjwa akiwa bado mezani. Welch alikigandisha kinyama kwa baridi na kuanza kukikata. Alipokuja na majibu, Halsted alikuwa ameshamaliza upasuaji wake.

Mwaka 1905, huko Rochester katika jimbo la Minnesota, daktari William Mayo alimtaka mwanapatholojia wake, Louis Wilson, atafute namna ya kuwaambia wapasuaji kama uvimbe ni kansa au la kabla mgonjwa hajaondolewa mezani. Ilikuwa Januari, na Januari ya huko si hii yetu ya jua na karo za shule. Maji huganda ndani ya ndoo. Wilson aliviweka vinyama vyake nje ya dirisha hadi vikawa vigumu, akavikata, akavitia rangi ya buluu, na chembechembe zikaonekana waziwazi. Desemba mwaka huo huo aliichapisha njia yake ili madaktari wengine waisome, na imetumika hadi leo. Badala ya dirisha, siku hizi kuna mashine iliyo kama friza ndogo yenye kisu ndani, baridi yake ikiwa kama nyuzi 20 chini ya sufuri, na majibu hutarajiwa kufika thieta kwa muda wa dakika 20 hivi.

Katika mapafu, njia hii ya barafu ni ya mgonjwa aliyekwisha kufunguliwa kifua. Tuseme kuna uvimbe uliojificha mahali ambapo sindano haikuweza kufika, hivyo hakuna ajuaye ni kitu gani. Mpasuaji hukata kipande kilichobeba uvimbe huo, akakipeleka kwa mwanapatholojia, akangoja glavu zikiwa mkononi. Ikiwa ni kovu la kifua kikuu cha zamani, hufunga kifua. Ikiwa ni kansa, aghalabu huondoa sehemu nzima ya pafu (pafu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto mbili) papo hapo, ili mgonjwa asirudishwe tena kwa nusukaputi ya pili. Unaona basi uzito wa dakika hizo 20. Sehemu ya pafu ikishatolewa hairudishwi.

Njia ya pili ndiyo ile ya baba yako. Daktari anapodunga uvimbe au tezi la kifuani kwa sindano kupitia mpira, tone la kile kilichofyonzwa hupakwa juu ya kioo kama unavyopaka siagi kwenye mkate. Ikiwa ni kinyama, huguswa kwenye kioo ili kiache alama yake. Kioo hukaushwa, kikachovywa katika rangi ya haraka, na baada ya dakika chache tu mtu aliyesimama pembeni na hadubini anaweza kusema neno.

Lakini anasema neno kuhusu nini? Hapa ndipo jamaa nyingi hukosea. Swali analoulizwa mtu huyo na daktari ni hili: nilichotoa kinatosha, na kimetoka mahali penyewe? Akiona damu tupu, au chembechembe za kawaida za njia ya hewa, atamwambia daktari adunge tena. Akiona kile kinachotafutwa, atamwambia basi, tumepata. Ni kama mtu anayechungulia kapu la mvuvi pale ufuoni. Akisema kuna majani matupu, hajasema kwamba bahari haina samaki.

Wataalamu wa Japani walichapisha mwaka 2013 utafiti wao kuhusu jambo hili. Waligawanya wagonjwa 120 waliodhaniwa kuwa na kansa ya mapafu katika makundi mawili, moja likatazamiwa papo hapo na jingine lisitazamiwe. Kundi la kwanza lilidungwa mara chache zaidi na likaepushwa na vipimo vya ziada vingi. Lakini idadi ya waliogunduliwa ugonjwa kwa sindano ile haikutofautiana sana. Kwa hivyo ikiwa hospitali uliyoenda haina mtu wa hadubini chumbani, na nyingi hazina, usidhani mzee wako amenyimwa ukweli. Daktari mwangalifu atadunga mara kadhaa, ajaze chupa, na majibu yatakuja kwa njia ya kawaida.

Ndiyo na hapana

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: yaaminike kiasi gani? Kuhusu ile njia ya barafu, kuna hesabu kubwa iliyochapishwa Marekani mwaka 1996. Ilikusanya vipimo 90,538 vya viungo vyote vya mwili kutoka hospitali 461, ikalinganisha majibu ya haraka na yale ya mwisho. Yaliyotofautiana yalikuwa 1.42 tu kwa kila 100. Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Lakini tazama hayo machache yaliyokosewa. Karibu thuluthi mbili yalikuwa ya namna moja: uvimbe wa hatari ulikuwapo, na majibu ya haraka yakasema haupo.

Hili ndilo ningependa ulibebe kutoka ukurasa huu. Majibu ya haraka yakisema "ndiyo, ni kansa", mara nyingi sana ni kansa. Yakisema "hapana", hiyo hapana ni ya kile kilicho juu ya kioo. Haijafika kwenye uvimbe wote.

Hapana hiyo hukosea kwa sababu za kawaida kabisa. Sindano inaweza kupita kando ya uvimbe kwa milimita mbili. Inaweza kuingia katikati ya uvimbe mkubwa ambako chembechembe zimekwisha kufa kwa kukosa damu, ikatoka na uozo usiosomeka. Tena kuna aina ya kansa ya mapafu ambayo chembechembe zake ni ndogo na laini mno. Ukizikwaruza kidogo zinasagika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na kilichobaki kwenye kioo ni michirizi ya buluu. Chembechembe za kawaida za tezi nazo husagika vivyo hivyo, na hata macho ya mzoefu hutatizika kuzitenganisha.

Pafu lenyewe nalo ni kiungo kigumu kugandisha. Limejaa hewa kama sponji. Likitolewa hunywea, na maji yaliyomo yakigeuka barafu hutoboa matundu ambayo hayakuwa mwilini. Uvimbe usiofika sentimita moja ndio unaowasumbua zaidi wanapatholojia. Mwaka 2016 madaktari wa Shanghai, Uchina, walichapisha hesabu ya wagonjwa zaidi ya 800 wenye kansa ya mapafu iliyo changa. Walipotaka majibu ya barafu yataje kwa usahihi uvimbe ulikuwa umefikia hatua gani ya kupenya, yalilingana na ya mwisho mara 84 hivi kwa kila 100. Walipouliza swali rahisi zaidi, kama uvimbe ni wa hatari ndogo au tayari umepenya ndani, kulingana huko kulipanda hadi kama 96. Yaani kadiri swali lilivyo jepesi, ndivyo haraka inavyoaminika.

Kifua kikuu

Kwetu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ng'ambo hulitaja kwa mistari miwili tu. Kikohozi kisichokoma, kukonda, jasho la usiku na makohozi yenye damu ni dalili za kifua kikuu, na ni dalili za kansa ya mapafu pia. Kwenye picha ya eksirei magonjwa haya huweza kufanana kama mapacha. Kwa sababu kifua kikuu ndicho kingi, mgonjwa wa kansa huanzishiwa dawa za kifua kikuu hata pale ambapo makohozi yake hayakuonyesha vijidudu, na miezi ikapita uvimbe ukiendelea kukua. Kama mzee wako amemaliza dawa na hana nafuu, usikubali aanzishiwe duru nyingine kabla ya kuuliza kwa heshima kama kinyama kimewahi kupimwa.

Ugonjwa huo huo humchanganya mtu wa hadubini. Pafu lililowashwa na kifua kikuu au nimonia hutoa chembechembe zilizovimba, zenye viini vikubwa, na anayezitazama kwa haraka anaweza kudhani ni kansa. Ndiyo sababu hata ile "ndiyo" hungojewa karatasi. Kinyume chake pia hutokea. Kioo kikionyesha vifundo vya uvimbe kama vile vya kifua kikuu, watu hupumua, lakini matezi yanayopokea majimaji kutoka kwenye kansa huweza kuwa na vifundo kama hivyo, na mtu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja.

Hapa kutazama kwa haraka kuna faida ambayo haitajwi sana. Akishaona dalili za kifua kikuu, mtu wa hadubini humwambia daktari atenge kipande kimoja katika maji ya chumvi safi badala ya fomalini. Fomalini huua vijidudu, na vikishakufa haviwezi kuoteshwa maabara ili ijulikane dawa gani itavimaliza. Kama vinyama vyote vilitumbukizwa katika chupa moja ya fomalini, nafasi hiyo imepotea, na huenda mzee akarudishwa kitandani.

Usishangae pia daktari akikataa kukigandisha kinyama kidogo ili upate majibu upesi. Anakiwekea akiba. Punje ile ya mchele ina kazi nyingi za kufanya baada ya kujulikana kwamba ni kansa. Lazima rangi za pekee zionyeshe ni kansa ya aina gani, na kama imeanzia mapafuni au imehamia hapo kutoka kwenye titi, utumbo au figo. Ile ya chembechembe ndogo hutibiwa hasa kwa dawa za mishipani na miale, na ni mara chache hupasuliwa. Nyingine, zikipatikana mapema, hupasuliwa. Isitoshe, tangu 2004 imejulikana kwamba baadhi ya kansa hizi zina hitilafu katika jeni fulani ambazo hujibu vizuri kwa vidonge vilivyotengenezwa kwa ajili yake, na hitilafu hizo hupimwa kwenye kinyama. Kikikatwakatwa na kuisha katika barafu kwa ajili ya jibu la dakika 20, hakuna kitakachobaki cha kupimia hayo.

Kwa sababu hiyo hiyo, si kawaida mgonjwa kuanzishiwa dawa za kansa kwa neno la chumbani pekee. Kuna dharura chache, mathalan uvimbe unapobana njia ya hewa au mshipa mkubwa wa damu hadi uso ukafura, ambapo madaktari hawawezi kungoja. Nje ya hapo, mtu akikuhimiza ulipie matibabu leo leo kwa sababu ya kioo kilichotazamwa dakika tano zilizopita, una haki ya kumwomba karatasi.

Turudi basi kwenye benchi. Mlango unafunguliwa, na mtu anatoka. Kabla hajasema chochote unaweza kumwuliza, "Daktari, mmepata cha kutosha kupima?" Hilo ndilo swali ambalo kioo chake kinaweza kulijibu. Akisema ndiyo, uliza vimeenda katika maabara gani na karatasi itarajiwe lini. Akisema hawakuona kansa, uliza kama kile walichokiona kinalingana na ile picha ya skani. Ikiwa skani ina uvimbe wenye kingo zilizochongoka na kioo kina chembechembe za kawaida, viwili hivyo havijapatana, na mwenye kazi ya kuvipatanisha ni daktari, pengine kwa kudunga tena. Ukimgeukia mama, mwambie hivi: wamepata cha kupima, tunangoja karatasi. Simu za nyumbani zingoje nazo.

Karatasi ikija, isome pamoja na daktari neno kwa neno. "Chembechembe hazitoshi" maana yake kipimo hakijafanyika, hata kama umekilipia. "Za kutiliwa shaka" si ndiyo na si hapana. "Hakuna chembechembe za kansa zilizoonekana" ni tofauti na "hana kansa", na hakuna mwanapatholojia makini atakayekuandikia hili la pili kwa kutazama punje moja ya mchele.

Na ukitaka jicho la pili, usione haya. Madaktari wenyewe huombana hivyo kila siku. Kile kibonge cha nta hakitupwi. Huhifadhiwa maabara kwa miaka, pamoja na vioo vyake, na kinaweza kukatwa tena na kutazamwa na mtu mwingine bila mzee kuguswa. Kina namba yake juu ya ile karatasi, kwa kawaida upande wa juu karibu na tarehe. Inakili namba hiyo nyuma ya kadi ya kliniki siku hiyo hiyo.